Mwathene Aliyevaa Bukta

Kazi yangu ilikuwa vyungu vya Wagiriki. Msicheke kwanza, wajukuu. Nafasi ya kucheka ipo mbele, na ikifika nitawaachia.

Mnaponiamkia "shikamoo bibi" njiani, halafu mkageukiana na kunong'ona "ndiye yule wa vyungu," nasikia. Na mmoja wenu, simtaji, aliwahi kuniuliza waziwazi: "Bibi, ni kweli serikali ilikuwa inakulipa kwa kuangalia vyungu vilivyopasuka?" Ni kweli. Ilikuwa ikichelewa, lakini ilinilipa.

Enzi zile wakubwa walikusudia kujenga kiwanda cha sahani na vikombe ili nchi iache kununua vya nje. Kiwanda kilihitaji mtaalamu. Mimi nilikuwa binti wa kijiji cha Mpui niliyemaliza shule na alama nzuri za kemia, nikachaguliwa kwenda kusomea vyombo vya udongo, na nchi iliyojitolea kunisomesha ikawa Ugiriki. Baba alichinja mbuzi. Majirani walidhani Ugiriki ni mahali fulani mbele ya Mbeya, na baba hakuwasahihisha kwa sababu naye alidhani hivyo hivyo.

Nikafika Athene, nikapelekwa chuoni, nikaingizwa katika chumba kilichojaa vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, kutoka sakafuni mpaka darini. Nikakaa kusubiri kuonyeshwa mashine. Wiki zikapita. Mwishowe nikajikaza, nikamwuliza profesa, kwa Kigiriki changu cha kuokoteza, mashine za kutengenezea sahani ziko wapi.

"Sahani?" Mzee wa watu akafurahi kweli. "Tunazo nzuri sana!" Akanipeleka kwenye kabati la kioo, akanionyesha sahani ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita.

Kumbe mtu fulani, katikati ya Dar es Salaam na Athene, alisoma "vyombo vya udongo" akaelewa vya kale. Niliwalalamikia wakubwa waliokuwa wakituangalia sisi wanafunzi wa nje. Jibu lilikuja fupi: niendelee na masomo, kwani udongo ni udongo. Ndivyo nchi yetu, bila kumwomba wala kumhitaji, ilivyojipatia mtaalamu wa vyombo vya rangi vya Athene, vya zile enzi Wagiriki walipojenga mahekalu yao ya mawe meupe.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa profesa. Alikuwa mama mmoja mfupi, Kiria Fotini, na kiria kwao ni kama kusema Bibi. Aliunga vyombo vilivyovunjika katika chumba cha chini ya jumba la makumbusho, na sigara haikumtoka mdomoni. Siku ya kwanza aliniwekea kigae mbele yangu, akaniuliza naona nini. Nikasema namwona mwanamke ameketi, ameshika kioo. Akakigeuza juu chini.

"Usianze na picha," akasema. "Picha inataka uitazame, ndiyo kazi yake. Anza na mguu wa chombo, halafu mdomo, halafu pale kilipovunjika. Huko hakuna aliyejipamba."

Hilo nawapa bure. Linafaa hata kwenye kutafuta wachumba.

Alinifundisha kugusisha kigae kwenye ulimi: kisichoiva vizuri motoni hunata, kilichoiva hakinati. Alinifundisha kuwajua wachoraji. Wengi wao hawakuandika majina yao, kwa hiyo unawatambua kwa vile vitu ambavyo mkono huchora bila kufikiri, kama sikio, kifundo cha mguu, au mkunjo wa nguo kiunoni. Kwenye uso kila mtu hujitahidi, lakini kwenye sikio mkono hujiendea. Kiria Fotini alitupia jicho kigae kidogo kuliko kiganja, akasema, "Aa, huyu ni yule jamaa wa masikio ya karanga," kama unavyomjua jirani kwa kikohozi chake.

Na alinifundisha kuhusu gundi. Nilipewa mtungi wa harusi uliokuwa vipande vipande, kazi yangu ya kwanza ya peke yangu. Nikaunga, nikaunga, nikajisifu moyoni. Kilichokuwa kimebaki ni kigae kimoja tu, na kilikaa vizuri sana nyuma ya bibi harusi. Nikakigandisha. Kiria Fotini akaja, akazunguka meza mara kadhaa, kisha akawaita wenzake wote wa jengo lile. Nilikuwa nimempa bibi harusi mkia wa farasi. Kigae kilitoka kwenye chombo kingine kabisa, chenye picha za yale mashetani ya hadithi za Kigiriki yenye mikia.

Waliucheka ule mkia mpaka wakatokwa na machozi. Kisha yule mama akaniletea dawa ya kuyeyushia. "Katika kazi hii," akasema, "usitumie kamwe gundi isiyoyeyuka. Utakosea tena kesho."

Sasa nawapa elimu kidogo, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyonipata hapa Sumbawanga. Vyombo vile ni vyekundu na vyeusi. Mwanzoni walichora watu weusi juu ya udongo mwekundu. Baadaye wakageuza: wakapaka nyuma yote nyeusi, watu wakabaki na wekundu wa udongo wenyewe. Weusi wake unang'aa kama kiatu cha askari. Na ule weusi si rangi. Ni udongo ule ule wa chungu, ulioachwa ndani ya maji mpaka mchanga wake ukatuama chini, ukabaki ujiuji mwembamba kama maziwa. Unapaka huo, kisha unachoma kwa hatua. Kwanza tanuru linavuta hewa, na vyote vinakuwa vyekundu. Kisha unaziba matundu na kutia kuni mbichi, moshi unajaa, na vyote vinakuwa vyeusi. Halafu unafungua tena. Chungu kinavuta hewa na kurudia wekundu, lakini palipopakwa ujiuji pamekwisha kujifunga kama kioo. Panabaki peusi milele.

Hayo yote niliyajua. Sikuwahi kuyafanya. Huko Athene nilifundishwa kuvitazama vyombo, na kuvichoma hakukuwa kazi yetu.

Niliporudi nchini, kiwanda cha sahani kilikuwa bado hakijajengwa. Kilikuwa kimekaa bila kujengwa kwa muda mrefu hata watu walikuwa wamekizoea. Wakanitafutia pa kunituliza: karakana ya ufinyanzi ya umma hapa Sumbawanga, iliyotengeneza matofali ya kuchoma, mabomba ya maji machafu na mitungi. Meneja wetu alikuwa Bwana Kasimiri, aliyehamishiwa kwenye udongo kutoka kwenye ununuzi wa mahindi. Alikuwa mtu mwema, ila alihutubia hata alipoomba chumvi. Alinitambulisha kwa wafanyakazi kuwa ni "mtaalamu wa vyungu kutoka Ulaya," na wanawake wa kitengo cha mitungi wakainamisha vichwa ili nisione wanavyocheka.

Mkubwa wao alikuwa Mama Oresta, mfinyanzi wa Mpui kama mimi, rika la mama yangu mzazi. Nilimwamkia. Akaitikia, akanifanyia nafasi kwenye mkeka.

"Mwanangu, huko Ulaya wanapikia nini?"

"Gesi, mama."

"Na vyungu?"

"Wanaviweka kwenye makabati ya kioo."

"Hata vilivyopasuka?"

"Hasa vilivyopasuka."

Akanitazama kwa huruma, kisha akanipakulia makande.

Miaka ikaenda. Kisha ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru. Nyinyi mmezaliwa maduka yamejaa, hamwezi kujua ilivyokuwa. Malori yalipanda kutoka Tunduma yamebeba ndoo za plastiki za kila rangi, sahani za bati zenye maua, majagi, mabeseni. Watu waliokuwa wakipanga foleni kwa kipande cha sabuni sasa walichagua sabuni kwa harufu. Tulifurahi, sitawadanganya. Mimi mwenyewe nilinunua ndoo ya bluu. Nilikuwa nimetoka nayo dukani nilipokutana na Mama Oresta, na yeye anayo yake, nyekundu. Tukasalimiana kama watu waliokutana mlangoni kwa mganga.

Mitungi ikaacha kutoka. Ikapangwa uani ukutani, mpaka kuku wakaanza kutagia humo. Habari zikafika kwamba karakana za umma zitapimwa: inayoweza kujiendesha itabaki, isiyoweza itauzwa au kufungwa. Msafara ungekuja kutukagua baada ya mavuno. Kwenye karakana ile kulikuwa na wajane, na watu wenye watoto shuleni, na Mama Oresta aliyelea wajukuu kwa mikono yake miwili. Hatukuwa na kazi nyingine ya kukimbilia.

Bwana Kasimiri akatukusanya uani. "Ndugu wafanyakazi! Soko limekuwa huria! Wenzetu wanauza nini? Plastiki! Sisi tuna nini ambacho wao hawana?" Akaninyooshea kidole. "Tuna Ugiriki!"

Nikamfuata ofisini. "Bwana Meneja, unakusudia nini?"

"Dada Skola, wewe umesomea vile vyombo vya rangi. Tengeneza. Tutawauzia watalii."

"Watalii gani? Sumbawanga?"

"Soko huria," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma sala. "Watakuja."

Nilicheka, nikarudi nyumbani, usingizi ukakataa. Maana niliona haya kusema kwamba nilitamani. Nusu ya maisha yangu nilikuwa nimetazama weusi ule kwenye makabati ya vioo ya watu, na sikuwahi kuona ukitokea.

Mama Oresta alinisikiliza nikimweleza hatua zote, kisha akauliza, "Kwa hiyo udongo ni ule ule mmoja, ila huu mwingine umenyimwa hewa, ukanuna, ukakataa kurudi?"

Sijawahi kusikia maelezo bora, hata chuoni. Nikamwambia ndivyo.

"Basi tujaribu. Hata mume wangu wa kwanza alikuwa hivyo."

Tulituamisha udongo kwenye ndoo zetu mpya za plastiki. Ndiyo, zile zile. Tulichagua udongo mwekundu wa Mpui, Mama Oresta akaufinyanga kwa mkono, kwa kuzungusha vipande vya udongo kama nyoka na kuvilainisha kwa kokoto, maana gurudumu la kufinyangia la karakana lilikuwa limekufa zamani. Kuni zilikuwa shida. Mnajua uwanda wetu ulivyo, nyasi na upepo. Tukawasha kwa magunzi ya mahindi, na kwa moshi tukatumia matawi mabichi ya mikaratusi.

Mchomo wa kwanza vyungu vilipasuka vyote. Ilikuwa miezi ya baridi, havikukauka, na mimi nikaharakisha. Mchomo wa pili nilichelewa kufungua matundu, vikatoka vyeusi tii, picha na kila kitu. Bwana Kasimiri akavisifu: eti hiyo ndiyo fasheni. Mchomo wa tatu nikaogopa, nikafungua mapema, vikatoka vyekundu kama matofali, na tukaviuza kwa bei ya matofali.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Waathene waliweka vigae vidogo vyenye tundu karibu na mlango wa tanuru, wakavivuta kimoja kimoja kuona moto umefika wapi. Nilikuwa nimevishika vigae hivyo kwenye makabati na kuvipanga kwa ukubwa, bila kufikiri kwamba siku moja ningevihitaji. Mama Oresta akapinda waya wa baiskeli ukawa ndoana. Tukavua vigae motoni kama migebuka ziwani.

Mchoraji tulimkodi mjini. Aliitwa Pius, fundi wa mabango ya maduka, na alikuwa na sifa ya kuchora ng'ombe anayefanana na mwenye bucha. Nilimpa picha zangu za Athene aige: wakimbiaji, wapiganaji, watu kwenye karamu. Akazitazama moja baada ya moja, uso ukimbadilika.

"Mama, hawa watu wako uchi."

"Ndivyo walivyokimbia mashindano, fundi."

"Mbele ya watu?"

Shauri likafika kwa Bwana Kasimiri. Akazitazama picha muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Huu ni mji wa Wakatoliki," akaamua. "Wavalishe bukta."

Nilipinga. Nilisema Mwathene mwenye bukta ni uongo wa kihistoria. Bwana Kasimiri akaniuliza kama niko tayari kumweleza baba paroko historia hiyo mimi mwenyewe. Wakavalishwa bukta. Na Pius, akisha kuanza kuvalisha, hakuzuilika. Mmoja alimtia mstari pembeni kama bukta za timu ya mpira.

Mchomo uliofuata, kigae cha majaribio kilitoka na weusi unaong'aa upande mmoja na wekundu upande wa pili. Nilikishika kingali cha moto, nikaungua vidole, sikukiachia. Tulipofungua tanuru, vingi vilikuwa na madoa, vingine vimekunjamana. Kimoja kilikuwa kamili. Mtungi wa mikono miwili, mweusi kama maji ya kisima, na katikati mkimbiaji mwekundu, goti juu, ngumi mbele, bukta imemkaa vizuri. Mama Oresta akaupangusa majivu kwa khanga yake. Tulikaa chini tukautazama. Mimi nililia. Yeye hakulia, lakini hakuondoka pia, na alikuwa na ugali jikoni.

Msafara ukaja. Walikuwa maofisa kadhaa wa kutoka Dar es Salaam, na mshauri mmoja, Mtanzania mwenzetu aliyesoma nje, mwenye miwani ya kamba shingoni. Bwana Kasimiri aliuweka mtungi juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, akavuta pumzi ya hotuba.

"Waheshimiwa! Mnachokiona hapa ni chungu cha Kigiriki halisi!"

Yeye alikuwa anauza tu. "Halisi" lilikuwa neno lake la biashara, hata mabomba ya maji machafu aliyaita halisi. Lakini mshauri alivaa miwani yake, akainama, akauzunguka mtungi, akanyooka.

"Vyombo hivi nimeviona kwenye makumbusho Ulaya," akasema polepole. "Ni mali ya thamani kubwa. Mtungi huu umefikaje hapa?"

"Mtaalamu wetu ndiye aliyeutoa," akasema Bwana Kasimiri kwa fahari. Alimaanisha kuutoa tanuruni.

Mshauri akanigeukia. "Wewe dada umewahi kuishi Ugiriki?"

"Ndiyo."

"Ulifanya kazi kwenye makumbusho?"

"Nilisomea humo, ndiyo."

"Na mtungi uko hapa."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi."

Akaitwa afande wa kituo cha polisi. Alikuwa kijana wa kwetu, mpole, aliyeona aibu hata kukaa. Alieleza kwamba kuna tuhuma za kusafirisha mali ya kale ya nchi nyingine, na kwamba mimi na meneja tungehitajika kituoni mpaka ieleweke. Bwana Kasimiri akaanza kukunja pembe za kitambaa cha meza.

Sasa hebu fikirini. Kazi yangu yote niliyosomea ilikuwa kuthibitisha kwamba chombo ni cha kweli. Hakuna aliyewahi kunifundisha kuthibitisha kwamba changu ni cha uongo.

"Afande," nikasema, "tazama hiyo bukta. Waathene walikimbia uchi."

"Mama, bukta mtu anaweza kuipaka baadaye," akasema, "ili kuficha."

Pius akajitokeza. "Nimechora mimi! Ukitaka nichoree hapa hapa." Akachora kwa chaki mlangoni, haraka, kichwa na sikio. Nikawaonyesha: sikio la mkimbiaji na sikio la mlangoni ni mkono mmoja, lina umbo la namba tatu iliyolala, na likafanana na masikio yote ya mabango ya mji huu. Nilieleza kwa kirefu, kama nilivyofundishwa. Mshauri akasikiliza kwa adabu, akasema, "Hata mimi naweza kuchora sikio."

Nikasema nitauramba mguu wa mtungi, maana haukuiva vizuri, ulimi utanata. Nikauramba. Ulimi ukanata. Maofisa wakatazamana, na nikaona kwamba kesi yangu haijasonga mbele.

Ilibaki njia moja. Anza na mguu, halafu mdomo, halafu pale kilipovunjika. Lakini mtungi haukuvunjika. Ulikuwa mzima, chombo kizima cha kwanza maishani mwangu ambacho sikukiunga mimi. Nilimtazama Mama Oresta. Alikuwa amesimama mlangoni na khanga yake, akatazama pingu kwenye mkanda wa afande, kisha akanitazama mimi.

"Vunja, mwanangu," akasema. "Ni chungu."

Niliuinua na kuuachia kwenye sakafu ya saruji.

Mshauri alipiga kelele kama aliyekanyagwa. Mimi nikapiga magoti, nikaokota kigae kikubwa, nikamwonyesha afande ukingo wake. Nikamweleza kwamba udongo wa Athene ni laini kama unga uliochekechwa, na rangi yake ni moja mpaka ndani. Wetu ulikuwa na punje za mchanga, na katikati umebaki mweusi kama mkate usioiva. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, bila kuona kitu. Kisha nikageuza kigae kingine, na humo ndani ya unene wa ukuta kulikuwa na vitundu vidogo vya mviringo, mahali punje nyingine, za nafaka, zilipoungua zikaacha alama. Mama Oresta alikuwa akianika nafaka yake pale pale tulipokandia udongo.

Afande akakichukua kigae mkononi. Akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Uso wake ukafunguka.

"Huu ni ulezi," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Ulaya kuna ulezi?"

"Hakuna."

"Basi huu ni wa hapa." Akamgeukia mshauri. "Mzee, huu ni wa hapa hapa. Mimi ulezi naujua, nimekua nao."

Hapo ndipo pa kucheka, wajukuu, kama bado mnataka. Tuliachiwa pale pale. Na mshauri, akipangusa miwani, akatamka neno la mwisho juu ya kazi yetu: "Kumbe ni bandia. Basi hauna thamani." Muda mfupi kabla ya hapo mtungi ule ulikuwa na thamani ya kutufunga jela. Sasa haukufaa hata kuwekea maua. Kwenye taarifa yao, tulivyokuja kusikia, karakana ilielezwa kuwa haina bidhaa ya kuuzika, na kwamba muda mwingi umetumika kuiga.

Karakana ikauzwa. Aliyeinunua, mfanyabiashara wa mahindi, alifanya tanuru letu kuwa ghala, na nasikia panya hawakuingia, kwa hiyo lilijengwa vizuri. Bwana Kasimiri akafungua duka la ndoo za plastiki, akafanikiwa, na kila ndoo aliiita halisi mpaka alipofariki. Mimi masista wakanichukua nifundishe historia na kemia kwenye shule yao ya wasichana, nikafundisha mpaka nilipostaafu. Wengi wa mama zenu walipita mikononi mwangu. Waulizeni kigae kinanata lini ulimini.

Lakini ninalotaka mlijue lilitokea jioni ile ile, msafara ulipokwisha kuondoka. Nilikuwa bado nimekaa sakafuni, ninavipanga vigae. Mkono wangu ulikuwa umeanza wenyewe: goti hapa, ngumi pale, ukingo na ukingo. Gundi ilikuwapo kabatini. Nilikuwa nimeshampata mkimbiaji karibu mzima.

Mama Oresta akaingia na ungo. Akaanza kuokota vigae na kuvitia humo.

"Mama, ngoja, naviunga."

"Uvipeleke wapi?"

Kabati la kioo hatukuwa nalo.

"Vigae vilivyoungua vizuri ni haba," akasema. "Ukivisaga ukachanganya na udongo mpya, chungu hakipasuki. Kimekwisha kuuona moto, hakiuogopi." Akatoka na ungo kichwani, nami nikamfuata nje, kwenye kinu. Akatwanga kidogo, kisha akanipa mchi.

Nikatwanga. Weusi uliendelea kung'aa muda mrefu ndani ya kinu, vipande vyake vidogo kama mabawa ya mbawakawa, kisha ukawa vumbi kama vumbi jingine. Mama Oresta akalichekecha, akalikandia kwenye udongo wa Mpui, na akafinyanga vyungu vya kupikia kadiri udongo ulivyofika. Aliviuza mnadani, kwa watu wa kijiji cha Muze kule bondeni, na kwa wafugaji waliohamia huko na ng'ombe wao. Hakuwaambia kilichomo ndani, kwa kuwa hawakuuliza.

Kimoja alinipa. Kilivuja siku ya kwanza, kama vyungu vyote vipya. Nikakipikia uji mwembamba kikaziba. Mama Oresta amekwisha kwenda zake, Mungu amrehemu, na chungu ndicho ninachopikia maharage mpaka leo. Juzi mmoja wenu alikuja kunitembelea, akaniuliza kwa nini nahangaika na chungu na nyumba imejaa masufuria. Nilimwambia aongeze kuni.